Usonji, ADHD na disleksia: foleni ya bingwa na kazi zinazoweza kufanywa kabla ya kumfikia

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. Hakuna picha ya ubongo, iwe ya CT au ya MRI, inayoweza kumwambia daktari kwamba mtoto huyu ana ADHD na yule ana disleksia. Hali zote hizi hutambuliwa kwa maelezo ya wanaomlea mtoto, na kwa muda wa mtu aliyefunzwa anayekaa na mtoto huyo, akacheza naye, akamsikiliza na kumtazama. Malaria inapimwa kwa tone la damu kwenye zahanati yoyote, na mama anaondoka na majibu siku hiyohiyo. Usonji unahitaji mtu mwenye ujuzi na mwenye nafasi, na mtu huyo mara nyingi yuko mji mkubwa, tena foleni yake ni ndefu.

Ndiyo maana mjadala ukiishia kwenye "tuongezewe wataalamu" haufiki mbali. Waongezwe, tena haraka, lakini bingwa wa afya ya akili ya watoto hapatikani kwa mwaka mmoja wala mitano. Mimi naona swali la msingi ni hili: katika safari nzima ya mtoto hadi kupata msaada, ni kazi ipi inamhitaji bingwa kweli, na ni ipi tumeirundika mlangoni kwake bila sababu?

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mtoto mwenye usonji huwasiliana na kuhusiana na watu kwa namna ya tofauti, hupenda mambo yaende kwa mpangilio uleule, na huenda sauti ya kawaida, mwanga au lebo ya shati ikamtesa. Wapo wasiosema kabisa, wapo wanaosema vizuri na wana shahada. ADHD ni umakini unaotawanyika, mwili usiotulia na kutenda kabla ya kuwaza, kwa kiwango kinachovuruga masomo au maisha ya nyumbani. Disleksia ni ugumu wa kusoma na kuandika kwa mtu ambaye uelewa wake katika mambo mengine hauna kasoro. Zote huanza utotoni, zote huonekana kutembea ndani ya ukoo, na mtu mmoja anaweza kuwa na mbili kwa pamoja. Hazisababishwi na malezi mabaya, wala chanjo, wala laana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Wastani huo wa dunia ukishika na hapa, tunazungumzia watu wanaokaribia laki tano kwa usonji peke yake, nchi moja tu. Linganisha idadi hiyo na vyumba vya kliniki unavyovijua.

Mtoto wa miaka mitatu hasemi, akiitwa hageuki. Nyumbani bibi anasema atasema tu, watoto wa kiume huchelewa, hata baba yake alichelewa. Zahanati inapima uzito na kuuliza kama ana homa. Ikitokea muuguzi ameshtuka, anaandika rufaa: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa, kisha Muhimbili, KCMC au Bugando. Kila ngazi ni nauli, ni siku ya kibarua iliyopotea, na ni mtoto asiyevumilia kelele aliyepakatwa kwenye basi kwa saa nyingi. Mwisho wa safari huduma mara nyingi iko ndani ya idara ya magonjwa ya akili, na hapo mzazi husita tena. Majina ya hospitali za akili kama Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi yana historia ndefu katika midomo ya watu, na hakuna mama anayetaka mwanawe asemwe mtaani kwamba amepelekwa huko.

Wengine wanakwenda kwa mganga au kwenye maombezi kwanza. Joseph Gona na watafiti wenzake wa Kilifi walizungumza na wazazi na wataalamu wa Pwani ya Kenya, na katika utafiti wao uliochapishwa 2015 walitajiwa mapepo, uchawi na laana pamoja na sababu za kitabibu kama matatizo wakati wa kujifungua na maambukizi. Familia zilikuwa zikichanganya tiba zote. Ni rahisi kuwalaumu. Lakini mganga yuko jirani, anakaa na familia kwa muda mrefu, anawasikiliza mpaka mwisho na anawapa jibu siku ileile. Hospitali ikitaka kushindana naye haina budi kuwa karibu na kuwa na muda.

Tuingie sasa ndani ya chumba cha tathmini, maana wengi wanakisikia tu. Kipimo cha usonji kinachosifiwa zaidi duniani, kiitwacho ADOS, ni boksi la vitu vya kuchezea na mpangilio wa shughuli ambazo mtaalamu anafanya na mtoto huku akiandika alama. Boksi lenyewe linauzwa kwa maelfu ya dola, na anayelitumia lazima apitie mafunzo maalumu. Katika hatua za watoto wadogo kuna shughuli ya sherehe ya kuzaliwa: mwanasesere, keki ya kuigiza, mishumaa ya kuigiza. Mtoto anatazamwa kama anashiriki: anaimba, anapuliza mshumaa, anamlisha mwanasesere keki? Sasa mchukue mtoto wa Ganze au wa Nanyumbu ambaye hajawahi kuona keki yenye mishumaa wala mwanasesere wa dukani. Akikaa kimya, tumepima usonji au tumepima mazingira aliyokulia? Vivyo hivyo kwa macho. Mtoto aliyefundishwa kutomkazia macho mtu mzima, na kutojibizana naye, anaweza kupata alama za kumtia shaka mbele ya mgeni aliyevaa koti jeupe, ilhali akiwa uani na wenzake ni msemaji.

Kazi ya kutengeneza vipimo vyetu ilianza zamani, na inastahili kujulikana zaidi. Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha maendeleo ya mtoto mdogo kwa kutumia vitu na michezo ambayo mtoto wa pale anaijua. Malawi wana chao, kilichochapishwa 2010. Uganda, timu ya Angelina Kakooza-Mwesige ilichukua maswali kumi ya zamani ya kubaini ulemavu, ikaongeza mengine yanayolenga usonji, yakawa 23. Vipimo hivi havihitaji boksi la maelfu ya dola. Vinahitaji wizara ziamue kuvitumia, ziwafunze watumishi wa afya, na zivikubali vinapoandikwa kwenye rufaa.

Hapa kuna tofauti ambayo ikieleweka, nusu ya fundo inafunguka. Kuchuja na kuthibitisha ni kazi mbili. Kuchuja ni kuuliza maswali machache ili kujua mtoto gani anahitaji kutazamwa zaidi. Kuthibitisha ni kusema kwa uhakika hali yake ni ipi na ni ipi siyo. Kuthibitisha kunahitaji bingwa au timu. Kuchuja anaweza muuguzi, mhudumu wa afya ya jamii au mwalimu wa chekechea, akielekezwa vizuri. Dodoso la M-CHAT-R, kwa mfano, lina maswali 20 ya ndiyo na hapana kwa mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30, na halilipiwi. Linauliza mambo ya kawaida: ukimwonyesha kitu kwa kidole, anatazama unakoonyesha? Yeye mwenyewe ananyoosha kidole kukuonyesha kitu kilichomfurahisha? Akiitwa jina anaitika?

Na nafasi ya kuuliza maswali hayo tayari ipo. Tanzania na Kenya zote zinatoa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela mtoto anapofikisha miezi 18. Mama anakuja kliniki na kadi au kijitabu, mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano. Ni umri uleule ambao dalili za usonji zinaanza kuonekana waziwazi. Kijitabu cha mama na mtoto cha Kenya kina hata ukurasa wa hatua za ukuaji. Kinachokosekana ni dakika tano za kuuliza na kusikiliza majibu. Ukweli ni kwamba dozi hiyo ya pili huwa inakosa watoto wengi kuliko ya kwanza, kwa hiyo kuifanya kuwa siku ya kutazama ukuaji mzima wa mtoto kungewapa akina mama sababu nyingine ya kurudi. Tena kungejibu uvumi mmoja mbaya. Wazazi wengine wanaona dalili baada tu ya chanjo hiyo na kuunganisha mambo mawili yaliyokutana kwa umri tu. Tafiti za mamia ya maelfu ya watoto zimeonyesha kwamba chanjo ya surua haisababishi usonji. Muuguzi aliyeuliza maswali kabla ya kuchoma sindano ana nafasi nzuri ya kulieleza hilo.

Kuchuja kuna kasoro zake, na asiyezijua atawatisha watu bure. Dodoso humtia shakani mtoto ambaye hana usonji, na humpita mwingine aliye nao. Mtoto asiyeitika jina lake apimwe masikio kabla ya lolote, kwa sababu asiyesikia naye haitiki. Aliyepata manjano kali alipozaliwa, aliyechelewa kulia, aliyeugua malaria ya kichwani au mwenye kifafa anahitaji daktari atazame ubongo na mwili mzima. Kwa hiyo jibu sahihi la dodoso lenye dalili ni "njoo tumwangalie zaidi", na hospitali ya wilaya iwe na mtu wa kumwangalia.

Kuna jambo linaloniuma zaidi katika mfumo wetu. Tumewazoesha wazazi kwamba bila jibu la bingwa hakuna cha kufanya. Mtoto anaandikiwa miadi ya miezi kadhaa mbele, na miezi hiyo inapita mikono mitupu. Wakati ubongo wa mtoto mdogo unajifunza kwa kasi ambayo hautairudia, sisi tunasubiri karatasi.

Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa maendeleo au ulemavu wa aina hiyo: vikao tisa vya kikundi na matembezi matatu ya nyumbani. Mtoto hahitaji kuwa na jina la ugonjwa ili mlezi wake ajiunge. Anayeendesha anaweza kuwa muuguzi, mwalimu au mzazi mwenzao aliyefunzwa na kusimamiwa. Kenya ni mojawapo ya nchi ambako mafunzo hayo yamefanyiwa utafiti, Kilifi ikiwamo, sambamba na Ethiopia.

Yanafundisha nini? Chukua mama anayeosha vikombe huku mwanawe wa miaka minne, asiyesema, akizungusha mfuniko sakafuni. Kabla ya mafunzo angemnyang'anya mfuniko ili amketishe afundishwe. Sasa anachuchumaa, macho yao yawe usawa mmoja, anachukua mfuniko wa pili na kuuzungusha kama yeye. Anangoja. Mtoto akitupa jicho, mama anasema neno moja tu, "zunguka". Kisha anainua vikombe viwili, chekundu na cha bluu, anauliza "kipi?" na anangoja tena, pengine sekunde kumi, muda unaoonekana mrefu sana kwa mtu mwenye kazi. Mtoto akigusa kimoja, anapewa papo hapo, na kinatiwa maji aliyokuwa anayataka. Hilo ni somo zima: mtoto amegundua kwamba ishara yake inaleta kitu. Kesho litarudiwa wakati wa kuoga, keshokutwa wakati wa uji. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Hapohapo niseme kuhusu picha. Wazazi wengi wanaogopa kumpa mtoto kadi za picha za kuonyesha anachotaka, kikombe, choo, kulala, wakidhani atazembea kusema. Tafiti hazionyeshi hivyo. Mtoto mwenye njia ya kuomba maji hapigi kichwa ukutani kwa kiu, na wengine maneno yao huja baada ya picha. Picha ya simu iliyochapishwa steshenari ya mtaani na kubandikwa kwenye kipande cha boksi inatosha.

Kuhusu dawa, kwa kifupi. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Kuna dawa za mambo yanayoambatana nao, kama kifafa au kukosa usingizi, na kuna methilifenidati kwa baadhi ya watoto wenye ADHD, ambayo ni dawa ya kudhibitiwa na lazima iandikwe na kufuatiliwa na daktari anayeijua. Anayeuza seli shina, dawa ya "kusafisha madini mwilini" au maji yenye klorini kwa ajili ya usonji anauza hatari. Na mtoto anayepewa dawa kali za kutuliza ili tu asisumbue, bila kuulizwa anaumwa nini au anaogopa nini, hajatibiwa.

Mambo ni tofauti kwa disleksia, kwa sababu mlango wake ni darasani. Vipimo vingi vya disleksia vilitengenezwa kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi zake hazitabiriki, na vinahesabu makosa. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa: ukishajua ba, be, bi, bo, bu, unaweza kupasua neno lolote. Kwa hiyo mtoto wetu mwenye disleksia anaweza kusoma bila makosa mengi, lakini polepole mno, silabi kwa silabi, hadi akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo. Ukihesabu makosa humwoni. Ukipima kasi, maneno kwa dakika, anajitokeza. Walimu wa darasa la kwanza na la pili Tanzania wanajua kupima hivyo, kwa kuwa kasi ya kusoma ni sehemu ya tathmini za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Taarifa zipo, hazitumiki kumtafuta mtoto anayehitaji msaada wa namna ya pekee.

Kisha anafika kidato cha kwanza, na karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Kijana aliyekuwa akijikongoja kwa Kiswahili anakutana na maneno yasiyotamkwa kama yalivyoandikwa, kwenye baiolojia, jiografia na hesabu kwa pamoja. Anaanguka ghafla. Mwalimu mpya hamjui, anamwona mvivu, na viboko vinafuata. Mwalimu wa Kiswahili aliyemfundisha shule ya msingi ndiye aliyekuwa na jibu, na hakuulizwa.

Kenya ilianza mapema kuweka tathmini upande wa elimu. Vituo vya Tathmini na Rasilimali za Elimu vilianzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark, na taasisi ya elimu maalumu, KISE, ikafuata 1986. Mzazi anaweza kumpeleka mtoto kituoni bila kupitia hospitali, na hilo ni jambo kubwa. Udhaifu wake ni kwamba vituo vingi vina watumishi wachache na vifaa vya kizamani, na viliwahi kujengwa hasa kwa ajili ya uoni, usikivu na viungo. Tanzania nayo ina kazi ya upimaji na ubainishaji wa watoto wenye mahitaji maalumu kabla ya kuandikishwa shule, na Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha kinafunza walimu wao. Vitengo vya usonji vilivyo ndani ya shule za msingi, kama Msimbazi Mseto Dar es Salaam na City Primary Nairobi, vimeonyesha kwamba watoto hawa wanafundishika. Vimejaa, na viko mijini.

Je, karatasi ya bingwa basi haina maana? Ina maana sana, mahali pake. Ndiyo inayompa mtahiniwa muda wa ziada kwenye mtihani wa taifa. Kenya, ripoti ya hospitali iliyoidhinishwa ndiyo inayomwezesha mtu kusajiliwa na Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki ya elimu na afya, lakini anayedai haki hiyo ofisini ataulizwa uthibitisho. Kwa watu hawa foleni inapaswa kuwa fupi, na itafupika tukiwaondoa waliokuja kuuliza tu kama mtoto anasikia, au waliotumwa mara ya tatu kwa sababu ripoti ya kwanza ilipotea. Bingwa pia si lazima akutane na kila mtoto ana kwa ana. Daktari wa wilaya aliyefunzwa anaweza kufanya tathmini, akarekodi, akajadiliana na bingwa kwa simu ya video, wakafikia uamuzi pamoja.

Upande wa tiba pengo ni kubwa kuliko upande wa utambuzi. KCMC Moshi inafunza wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, na Makerere ilianza kufunza wataalamu wa tiba ya usemi na lugha 2008. Wahitimu wanahitaji ajira kwenye hospitali za wilaya, na vikao vyao vinahitaji kuhesabiwa ndani ya bima. Tanzania ilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote 2023, Kenya ilihamia mamlaka mpya ya bima 2024. Tiba ya usemi haiishi kwa kikao kimoja. Ni ya kila wiki kwa miezi. Bima inayolipia kumwona daktari mara moja na kuacha vikao imemlipia mzazi kuambiwa habari tu.

Watu wazima wamesahaulika kuliko wote. Mwanamke wa miaka 30 aliyejifunza tangu shule kuiga wenzake wanavyocheka na kusalimia, anayerudi nyumbani amechoka mpaka kulia, ataandikiwa sonona au wasiwasi. Huenda anavyo kweli, lakini hakuna aliyemuuliza utoto wake. Kliniki za afya ya akili za mikoa zingeweza kuanza na hilo tu: kuuliza alivyokuwa akiwa na miaka saba, na kumwomba aje na mama, shangazi au dada aliyemlea.

Kwa mzazi ambaye ana miadi wiki ijayo, haya yatakusaidia. Rekodi video fupi nyumbani kwa simu: anavyocheza peke yake, anavyofanya akiitwa, anavyoomba kitu, na anavyokuwa akikasirika. Daktari ataona mengi ambayo mtoto hatayafanya chumbani kwake. Beba kadi ya kliniki, na majibu ya kupima masikio kama yapo; kama hayapo, omba yafanyike hospitali ya karibu kabla ya safari. Andika umri alipokaa, alipotembea, aliposema neno la kwanza, na kama kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea. Mwombe mwalimu aandike nusu ukurasa. Mkishamaliza, omba ripoti kwa maandishi, yenye mhuri, na uipige picha kabla hujatoka getini. Na usiondoke bila kuuliza: kuanzia leo jioni, nyumbani, nimfanyie nini?